Bata Mzinga Asiye na Kwao

Mama, shikamoo. Nimefika Birmingham salama. Baridi ya huku inanigonganisha meno, lakini kilichotaka kuniliza jana si baridi.

Farhiya, yule Msomali niliyesoma naye hapo Mombasa, alinichomea bata mzinga mzima. Akasema, "Karibu." Nami, kama ulivyonifunza kwamba mgeni hakubali mara ya kwanza, nikajibu, "Asante, nimeshiba." Nikangoja nibembelezwe.

Basi si bintiye akauliza kwa nini ndege huyu Waingereza wamwita "turkey", jina la nchi ya Waturuki! Farhiya, aliyewahi kuishi Uholanzi, akasema kule ni "kalkoen", kuku wa Calicut, mji wa India. Jirani yake Mkongo, Mama Solange, akagonga meza: "Ile ni dinde! Kwa Kifaransa, ya ku India yote, haina mji!" Binti akasoma kwenye simu kwamba Wareno humwita "peru", nchi nyingine tena, na kwamba asili yake hasa ni Meksiko. Wakaniuliza mimi. Nikasema sisi twamwita bata, na wala si bata.

Wakacheka, wakaendelea kubishana, mikono ikiwa sahanini. Hakuna aliyenikaribisha mara ya pili. Nilipotazama, palibaki mifupa. Kila taifa limemkana ndege yule na kumsukumia jirani, lakini mezani hakuna aliyemkana.

Mungu akuweke, mama yangu. Nikirudi nipikie wali, na unikaribishe mara moja tu. Utanikuta nishakaa.

Mwanao, Rukia