Mkasi Ndani ya Kibuyu

Kibondo, 9 Februari 2014

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini huko Kagerankanda mnaendelea vizuri na goti lako limepungua maumivu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mjukuu wako. Nakuandikia kwa sababu simu yako haipati mtandao mpaka upande kilimani, na jambo hili sitaki ulisikie nusunusu.

Niyonsaba anatapika na kutoka vipele kila akinywa maziwa. Daktari amempima, anasema ana mzio. Mwili wake unaiona protini ya maziwa ya ng'ombe kuwa ni adui. Asipewe maziwa ya aina yoyote. Pasaka nitamleta akae kwako wakati niko kwenye mafunzo, kwa hiyo nakuomba sana ulizingatie hilo.

Kazini pazuri. Kikundi chetu cha mtindi kimeletewa mwalimu. Mama, unajua kwamba ndani ya kibuyu chako mna vijidudu? Vinakula sukari ya maziwa na kutoa ule uchachu. Tena vinaikata protini. Mwalimu anasema protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mrefu, na vijidudu vina mkasi wao, vinaukata vipande vipande ili vipate kula. Kumbe miaka yote umefuga mifugo usiyoijua. Nilicheka peke yangu darasani.

Mwanao,
Uwimana

Kagerankanda, 2 Machi 2014

Mwana wanje Uwimana,

Marahaba. Goti liko palepale. Bihogo amezaa ndama jike, na mvua inanyesha ya kutosha. Baba Niyonsaba hajambo?

Barua yako imeniudhi. Mjukuu wangu aje kwenye nyumba yenye ng'ombe nimnyweshe uji wa maji? Mjukuu akija kwa bibi yake mara ya kwanza huonjeshwa maziwa ya kibuyu. Ndivyo tulivyofanya Burundi, na kambini pia tulifanya hivyo tukiwa na mbuzi wawili tu. Wewe ulionjeshwa, mbona hukufa? Huyo daktari ana umri gani?

Haya, mlete. Lakini nijibu hili. Hivyo vijidudu vikiachwa siku nyingi, vinazidi kuikata hiyo protini? Na mtu atajuaje kwamba vimeikata?

Mama yako

Kibondo, 16 Machi 2014

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa ndama. Nimefurahi kwamba somo limekuingia. Ndiyo, ukiyaacha maziwa, vijidudu vinaendelea kukata, na baadhi ya vipande ni vichungu. Ndiyo maana mtindi uliokaa sana unakuwa mchungu. Sisi wa biashara tunauogopa uchungu huo kwa sababu wateja wanakimbia.

Narudia, Niyonsaba asipewe maziwa. Naishia hapa, baba yake anaisubiri barua aipeleke stendi.

Mwanao,
Uwimana

Kibondo, 4 Mei 2014

Mama,

Shikamoo. Hali ya mtoto sikuelezi, ulikuwepo.

Nilitolewa kwenye mafunzo nikakimbilia Kasulu bila hata kubadilisha nguo. Nilimkuta mwanangu hospitalini amevimba midomo na macho, amewekewa hewa puani. Kama pikipiki ya Pasikali wa bodaboda isingekuwa na petroli siku ile, sasa hivi tungekuwa matangani.

Nilikuandikia mara mbili, mama. Mara mbili. Na muuguzi alipokuuliza mtoto amekula nini, ulinyamaza. Aliyesema ni Mwajabu, jirani yako. Hilo linanichoma kuliko yote, kwa sababu walikuwa wanatafuta dawa ya kumpa na wewe umekaa kimya.

Na kama ulidhani vijidudu vimemaliza kazi, protini ikikatwa haijaisha. Vijidudu vinakata baadhi, nyingine haviigusi sana, na hata vile vipande mwili wa Niyonsaba unavitambua. Kijiko kimoja kilitosha. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ila hapa umeniachia mimi kilio.

Hatakanyaga tena Kagerankanda. Usipige simu, sitapokea.

Uwimana

Kagerankanda, 1 Juni 2014

Uwimana,

Salamu nakupa, ukitaka zipokee. Barua yako niliisoma, nikaenda kupasua kuni mpaka Mwajabu akaja kuniuliza nina nini.

Unadhani nilimpa kwa ubishi? Nilikuuliza. Ukanijibu kwa mkono wako kwamba vikiachwa vinazidi kukata, na kwamba maziwa yanakuwa machungu. Nikatenga kibuyu kidogo katikati ya Kwaresima, nisikiguse ila kuonja. Uchungu ulipokolea mpaka mimi mwenyewe nikatema, nikasema sasa kazi imekwisha, yule adui amekatwakatwa, mjukuu wangu ataonjeshwa kama wenzake. Alikunja uso, kisha akanicheka.

Wewe uliyesoma, mama yako anakuuliza swali kama lile, mtoto yuko njiani kuja, hukujiuliza anataka kufanya nini? Ulidhani nimependa somo tu? Hasira zako ni za haki, lakini na mimi ninazo zangu.

Kwa muuguzi sauti haikutoka. Nilikuwa nimemshika mtoto mguu na ulikuwa wa baridi. Kwa kunyamaza kule naomba unisamehe. Hayo mengine tugawane.

Mama yako

Kagerankanda, 12 Oktoba 2014

Mwana wanje,

Mmeamkaje huko? Nauliza tu, najua hujibu. Nimepiga simu kule kilimani mpaka muuza vocha ananionea huruma. Nasikia kwa watu kwamba Niyonsaba sasa anaongea. Sijui sauti yake ikoje.

Jana Nsabimana, mfugaji mwenzangu, alikuja kumchukua Bihogo na ndama wake. Sikumuuza, nimempa, kama watu wa kwetu wanavyopeana ng'ombe. Walipofika njia panda Bihogo alisimama akalia, na mimi nikaingia ndani. Vibuyu vyote amechukua Mwajabu, pamoja na kile cha marehemu mama yangu tulichovuka nacho mpaka. Masufuria nimeyasugua kwa majivu, vikombe nimenunua vipya. Nakunywa chai ya rangi. Ni mbaya sana.

Bado nimekukasirikia, na wewe hujamaliza hasira zako. Njoo nazo, tutagombana hapahapa uani. Nyumba hii haina tone la maziwa.

Mlete mtoto.

Mama yako