Kumbukumbu ya Fumie Horibe, Aliyevuta Kamba

Mwaka umekatika, Fumie, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya theluji, supu ya miso ikiwa bado ya moto jikoni.

Mumeo Shigenobu hakusoma sana, lakini haya hawezi kuwaachia wakubwa wa kiwanda wayaandike.

Miaka thelathini na mmoja ulipiga ribiti, misumari ya kuungia mabati, kwenye mabawa ya ndege za kivita, pale kiwandani kando ya mto Kiso. Kila kifaa kilichorewa kivuli chake ubaoni, kikikosekana ijulikane mara moja. Tabia hiyo ukaileta nyumbani: ukachora upawa ukutani, ukachora kisu, ukachora hata miwani ya mumeo. Alinuna. Lakini miwani haikupotea tena.

Wakubwa walifundisha kwamba anayeona kasoro avute kamba, kazi yote isimame. Wakayabandika maneno hayo kila ukuta. Siku ncha ya drili ilipovunjika, ukapata kipande kimoja na kingine hukukiona, wewe uliyaamini. Ukavuta.

Kesho yake wageni wa makao makuu walikuwa waje kuonyeshwa jinsi kazi inavyokwenda mbio. Msimamizi Kuwayama alikuja amevimba kwa hasira. Akasema kipande kilichopotea bila shaka kimefagiliwa, bawa lifungwe.

"Mama Horibe, kamba ile huvutwa kukiwa na jambo."

"Jambo ndilo hili, bwana Kuwayama. Gari likizima, dereva huegesha kando. Huko juu rubani ataegesha wapi?"

Wenzako walicheka, yeye hakucheka. Mlitafuta siku nzima na nusu. Kikakutwa ndani ya tangi la mafuta la bawa, kidogo kama punje ya mchele. Ukalifunga bawa kwa mkono wako.

Shukrani uliyopata ikawa kupelekwa ghalani kubandika karatasi kwenye maboksi, eti umechelewesha kazi. Wageni wakaambiwa kazi ilisimamishwa kwa uangalifu wa wasimamizi. Mumeo hajawasamehe, na asilaumiwe.

Wewe hukulalamika. Ulisema tu bawa limefungwa safi, ukaendelea kumenya figili.

Ndege ile inaruka hadi leo. Namba yake ya mkiani mumeo anaijua kwa kichwa. Ikipita juu ya paa, huacha alichoshika, akatoka uani na kuwaambia majirani, wanaotaka na wasiotaka: "Bawa lile la kushoto hakulifunga mkubwa yeyote. Alilifunga mke wangu."

Unakumbukwa na mumeo Shigenobu, binti yako Chikako na mumewe Takuro, dada yako Masuyo, na mafundi wenzako wa mabawa. Maadamu tunapumua, hatutakusahau.