Alama Mbili Mchangani

Kitale, Jumapili jioni.

Mvua imekatika saa kumi, na Mlima Elgon umejitokeza wote mpaka kichwani, jambo ambalo msimu huu hulifanya kwa nadra. Nimekaa kwenye kizingiti cha stoo ya mashine za kukatia nyasi, kwa sababu chumbani tunalala wanne na wenzangu watatu wanacheza karata. Shajara yangu, nimepoteza kitu nilichokingoja mwaka mzima, na bado nashindwa kununa ipasavyo. Kila nikijaribu kununa, naona tena yale ya jana.

Nianzie kwenye gunia.

Simiyu mwanangu akikua akakusoma, ajue kwamba baba yake aliajiriwa na klabu ya gofu kuburuta gunia. Pale penye shimo la kuingizia mpira, hapa kwetu hapana nyasi. Pana mchanga uliochanganywa na oili chakavu ya matrekta, na Wazungu wanapaita brauni. Mchezaji akifika hapo, napita na gunia kumsawazishia njia ya mpira wake. Akimaliza napita tena, nafuta kila alama, ili anayekuja nyuma akute pamenyooka. Mchanga ule ukiwa na oili unashika alama kama unga unavyoshika kidole. Mjusi akipita usiku, asubuhi namjua alikokwenda.

Basi. Klabu ilikuwa inatafuta mwalimu wa gofu. Wanachama wenyewe ni wenye mashamba, wanacheza kujifurahisha. Mwalimu anacheza kwa mshahara: anawafundisha, anatengeneza fimbo zao, na akienda mashindano jina la klabu linakwenda naye. Ni Mzungu, ndiyo, lakini Mzungu wa mshahara. Chai yake anainywea karakana. Ukumbini anaingia akiitwa.

Wawili waliitaka kazi hiyo. Mmoja alikuwa hapa kwa majaribio tangu kiangazi, mwembamba, mtaratibu katika kila kitu, hata kufunga kamba za viatu. Sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Polepole. Wa pili alitoka Nakuru, ana mke na watoto, na hatukuwahi kumwona bila kofia, kwa hiyo akawa Bwana Kofia. Kamati ikaona isijisumbue kuchagua: wacheze siku moja, Jumamosi, atakayeshinda achukue kazi.

Sasa mimi naingiaje hapo? Bwana Polepole alikuwa amenifundisha kupiga randa mipini ya fimbo na kuifunga uzi. Alishaniambia kwamba akipata kazi nitakuwa fundi wake wa karakana. Na fundi wa karakana hupewa chumba chake, chenye mlango wake, kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi. Mwenye chumba anaruhusiwa kukaa na familia yake.

Mke wangu Nekesa anakaa kwa mama yangu Bungoma. Simiyu anatembea sasa, mimi sikumwona akianza.

Nilikuwa na uhakika mno. Wiki iliyopita nilimtuma dereva wa lori la Kalasinga mwenye duka la mahindi amwambie Nekesa aje Jumapili, aje na vyombo. Mtoto hajazaliwa, mimi nimeshamkatia kanzu. Ndivyo nilivyo, na mama yangu amenisema kwa hilo tangu utotoni.

Jana walicheza tangu asubuhi. Sijawahi kuona kitu kama kile. Wanachama wetu mpira ukiingia vichakani hutukana mpira, hutukana fimbo, hututukana na sisi. Hawa wawili, mmoja akipiga vizuri mwenzake alikuwa wa kwanza kusema ni vizuri. Mpira wa Bwana Polepole ulipopotea kwenye majani marefu karibu na mto, aliyepiga magoti kuutafuta mpaka suruali ikalowa ni Bwana Kofia. Na ndiye aliyeupata! Mimi ningekuwa yeye ningeukanyaga ukazama kabisa. Ndivyo nilivyowaza, siwezi kukudanganya wewe.

Walifika shimo la mwisho wakiwa sawasawa. Wanachama walikuwa wamezunguka brauni na glasi mkononi. Bwana Kofia akamaliza kwanza. Bwana Polepole akabakiwa na pigo moja: likiingia ameshinda, likikosa wako sare. Nikapita na gunia nikamsawazishia njia. Akasimama. Akaweka fimbo nyuma ya mpira. Akakaa hapo kidogo, kama kawaida yake. Akapiga.

Mpira ukaingia.

Watu wakapiga makofi. Mimi moyoni nikaona mlango. Niliiona rangi yake, kijani, na Nekesa akitundika nguo mbele yake. Nikaanza kuvuta gunia kwenda kufuta pale alipopigia.

Bwana Polepole akainua mkono. "Ngoja, Wafula," akaniambia.

Kisha akamgeukia katibu wa klabu, aliyekuwa mwamuzi, akasema kwa Kiingereza kwamba mpira ulisogea kabla hajaupiga. Kiingereza cha shule ya misheni kinanitosha kuelewa hayo. Sheria yao ni kwamba ukishaweka fimbo nyuma ya mpira, mpira ukasogea hata bila kuguswa, hilo ni pigo, linahesabiwa. Kwa maneno mengine, hakushinda. Wako sare.

Katibu akacheka, akidhani ni mzaha. Lakini aliyekasirika ni Bwana Kofia. Alisema alikuwa ameukazia macho mpira ule tangu mwanzo na haukusogea. Bwana Polepole akasema ulisogea. Bwana Kofia akasema umechoka, jua limekuingia machoni. Mwenzake akasema jua liko mgongoni. Sauti zikapanda. Nikasimama pale na gunia langu, ikanichukua muda kuelewa ninachokiona: wanaume wawili wanaotaka kazi moja, wanagombana, na kila mmoja anamtetea mwenzake.

Nimeona watu wakigombania mpaka wa shamba, ng'ombe, mwanamke, hata nafasi kwenye lori. Ugomvi wa namna hii sikuwahi kuuona.

Katibu alitaka watu wakanywe chai. Akasema kama mmoja anasema ndiyo na wa pili anasema hapana, na wengine wote hawakuona, basi matokeo yabaki yalivyo. Bwana Polepole hakubishana tena. Akaonyesha chini, kwenye mchanga.

Na mchanga ulikuwa hapo, mbele ya mguu wangu. Mimi nilikuwa nimeshaona zamani. Palikuwa na kishimo pale mpira ulipokaa, na pembeni yake kishimo cha pili, kidogo zaidi, pale ulipojisogeza kabla fimbo haijaupata. Kati ya kimoja na kingine, nafasi ya ukucha. Gunia lilikuwa mkononi mwangu. Hatua moja tu, ile ile ninayolipwa kuipiga kila siku, na vishimo vyote vingekuwa mchanga mtupu, na hakuna mtu duniani angeniuliza kwa nini nimefanya kazi yangu.

Katibu akaniangalia. Kiswahili chake ni kile cha mashambani. "Wewe," akasema, "naona alama ngapi hapa?"

Nilimtazama Bwana Polepole nikitaka anipe ishara. Alikuwa anatazama mlima. Nikamtazama Bwana Kofia, naye alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba nimwokoe asipewe kazi.

"Mbili, bwana," nikasema.

Sijui nilisema kwa nini. Nadhani niliona aibu kuwa mtu wa tatu, na wa pekee, anayejitetea.

Bwana Kofia akaja akapiga magoti, akatazama mwenyewe. Alipoinuka alivua kofia. Paji la uso wake ni jeupe kama karatasi, jua halijawahi kulifikia. Akaishika kofia kifuani hivyo hivyo mpaka Bwana Polepole akamgusa bega kwamba waende wakarudie shimo la kwanza.

Wakarudia. Bwana Kofia akashinda, kwa haki, kwa mpira mzuri sana. Bwana Polepole alimpa mkono akicheka. Yule mshindi hakucheka hata kidogo. Baadaye wanachama walimwita ukumbini wamnunulie kinywaji, akatuma neno kwamba ana shughuli. Nilipopitisha gunia kulirudisha stoo niliona shughuli yenyewe: wamekaa karakana juu ya visanduku, wanakunywa chai kwenye vikombe vya bati, mmoja anamfungia mwenzake uzi kwenye mpini.

Jioni Bwana Polepole alinifuata hapa hapa kizingitini. Anaondoka na treni. Akanipa mkono, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Pole kwa nyumba, Wafula."

Yaani alikuwa anajua. Alipoinua mkono pale kwenye brauni alijua anapoteza kazi yake, na alijua anapoteza na chumba changu, na akauinua. Jana nilimchukia kwa hilo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikashindwa kuendelea. Bwana Kofia ana fundi wake, atamleta kutoka Nakuru, na chumba ni cha huyo fundi. Ni haki yake.

Ikabaki leo.

Leo lori limefika saa sita, Nekesa juu ya magunia, Simiyu mgongoni, sufuria mbili, mkeka, na jogoo aliyefungwa miguu. Ameshuka anacheka. Ameniuliza chumba kiko upande gani. Nimemwambia twende kwanza kwa mke wa mpishi wa klabu, ambaye ana nafasi ya kumlaza leo, na huko nimemweleza yote bila kuficha, na gunia, na ukucha, na "mbili, bwana".

Alimshusha Simiyu mgongoni, akamkalisha mkekani.

"Kwa hivyo Mzungu amekosa kazi," akasema, "mimi nimekosa nyumba, na wewe Baba Simiyu umekaa hapa macho yanang'aa kama umeoa."

Nikajaribu kumwambia juu ya ule ugomvi, jinsi kila mmoja alivyomtetea mwenzake. Akanikata.

"Shamba la babu yako hapa Kitale lilisogea lote, na ng'ombe wake na makaburi yake. Ni Mzungu gani aliinua mkono akasema limesogea?"

Katibu yule yule aliyeniuliza alama ni ngapi analima palepale babu alipozaliwa, na hajawahi kumuuliza mtu yeyote wa kwetu anaona nini. Nimelizungusha neno la Nekesa kichwani mchana wote, na ni la kweli kabisa, lakini halikuyafuta yale niliyoyaona. Yote mawili yapo, pamoja. Labda ndiyo maana najiona mzito.

Mvua ilipokatika, wanachama wakiwa wameshakwenda makwao, akaniambia nimwonyeshe mahali penyewe. Haruhusiwi kuingia, kwa hiyo tulizunguka nje mpaka kwenye seng'enge iliyo karibu na brauni ya mwisho. Nikamwonyesha. Mchanga ulikuwa umepigwa na mvua, vitobo vitupu.

"Hakuna cha kuona," nikasema. "Hata hivyo nilipafuta jana."

"Basi nionyeshe kwa mkono. Ulisogea kiasi gani?"

Nikamwonyesha ukucha wangu, ule weupe wa juu tu. Akanishika kidole akakisogeza karibu na macho yake, akakitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta mwiba.

"Kidogo hivi?"

"Hivyo hivyo."

Akaniachia mkono. Akamkaza Simiyu mgongoni, akafunga leso upya, akatazama tena ule mchanga ng'ambo ya seng'enge.

"Basi hata mimi ningeuona ukisogea," akasema, na akaanza kurudi, nikamfuata.

Sijui kama nimesamehewa. Jogoo tumempa mke wa mpishi. Lori linaondoka asubuhi. Nitambebea sufuria mpaka pale, nimpandishe Simiyu nikimshika sana, kisha nirudi kwenye gunia langu. Nitaliburuta kama siku zote. Ila nadhani kuanzia kesho nitakuwa natazama kwanza kabla ya kufuta.