Sahani Iliyorudi Tupu

Mjukuu wangu Salma,

Huku Kingsbury sote wazima, na goti langu leo limeniruhusu kwenda dukani. Unaniuliza utaanzaje ujirani huko Glasgow?

Nilipofika London, mgao wa chakula wa baada ya vita ulikuwa umekwisha juzijuzi tu. Nilimpelekea jirani yangu Mwingereza, Bi Doris, sahani ya vitumbua. Akairudisha inang'aa, tupu! Nikanuna kutwa. Kesho yake nikamwambia, "Kwetu sahani hairudi tupu." Alicheka hadi akashika ukuta. Akaichukua, akarudi nayo ikiwa na yai moja la kuku wake, katikati kama mfalme. Tangu hapo sahani haikupumzika.

Ndiyo hii nakutumia, na kashata. Mpelekee jirani. Ikirudi na chochote, niletee mwenyewe, tule wote.

Bibi yako