Mimba Yangu na Vyura wa Daktari

Jumapili, masika ya 1956. Mvua tangu alfajiri. Milima haionekani kabisa, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya misheni.

Mtoto hajacheza leo.

Naanza na hilo nisije nikaandika mengine yote nikaliruka. Kila asubuhi nikimeza chai ya moto ananipiga teke chini ya mbavu, upande wa kulia. Leo nimekunywa vikombe viwili mpaka ulimi umebabuka, na tumbo limekaa kimya.

Naogopa. Nimesomeshwa na masista, Kiingereza nasoma, na bado naogopa kama mtoto aliyesikia fisi nyuma ya nyumba.

Anselmi, mume wangu, yuko safarini na treni yake, hatarudi kabla ya katikati ya wiki. Afadhali. Angekuwepo angesema nisiwaze sana, na mimi ningemjibu vibaya.

Kazi yangu hata humu daftarini sijawahi kuieleza vizuri. Majirani wa Mwembesongo wanajua naosha chupa kwa mwanamke wa Kizungu anayekaa kule juu, karibu na mto. Chupa naosha, ni kweli. Lakini kazi hasa ni vyura.

Kuna vyura wadogo katika misitu yetu ya Uluguru, hawafiki urefu wa kidole gumba. Hawatagi mayai majini kama vyura wengine. Wanabeba mimba, wanazaa watoto wenye miguu tayari. Daktari (yule Mzungu namwita hivyo, ingawa hatibu mtu) amevuka bahari kwa ajili yao. Mimi nawalaza kwa dawa, nawapasua, nawatoa watoto wa tumboni. Halafu nawagandisha kwenye nta, nawakata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navipaka rangi na kuviweka juu ya vioo. Alinichagua mimi kwa sababu aliona kitambaa nilichodarizi. Alisema mkono uliodarizi maua yale hautatetemeka.

Wa kwake unatetemeka. Ana ugonjwa wa mikono uliomwanza mwaka jana na unazidi. Madaktari wa Dar es Salaam wamemwambia arudi kwao, naye amewajibu kwamba masika hii kwanza.

Maisha yake yote yameishia kwenye swali moja. Amenieleza mara nyingi, kwa Kiingereza chake na Kiswahili chake cha kwenye kitabu. Kiumbe huanza na seli moja, yaani chembe moja hai. Inagawanyika zinakuwa mbili, kisha nne, kisha nane, zote sura moja kama punje za mtama. Halafu inafika siku, hizi zinakuwa jicho, zile zinakuwa mguu, zile ini, na hakuna anayejua nani ameziambia. Anataka kuacha safu nzima ya vioo, tangu seli moja mpaka chura kamili, ili atakayekuja baada yake aanzie pale. Imebaki hatua moja tu haijapatikana, ile ambayo jicho ndiyo kwanza linaanza. Vyura wenye mimba ya umri huo tunawapata wakati huu wa mvua. Wapo kwenye tangi lake sasa hivi.

Zamani nilikuwa nalipenda hilo swali. Nilikuwa nikirudi nyumbani nalirudiarudia njiani.

Tangu nishike mimba silipendi. Ikiwa yupo anayeziambia seli la kufanya, basi anaweza pia kuziambia vibaya. Mwezi uliopita nilimpasua chura mmoja nikakuta kitoto chenye jicho moja, katikati ya paji la uso. Daktari alifurahi, akaniita nije nitazame vizuri kwenye hadubini. Nilitazama, kisha nikatoka nikatapika kwenye migomba. Yeye alidhani ni mimba, akaniletea maji.

Nimeshapoteza mmoja. Alitoka kabla hajapata umbo la kumpa jina.

Kwetu mlimani mwenye mimba haui chochote chenye mimba. Hata mumewe hawindi. Kuku akiwa amelalia mayai, mwenye mimba hamfukuzi kiotani, anazunguka. Nimekua nikiyaona hayo, na nilipokwenda shule nikayaweka kando pamoja na mambo mengine ya nyumbani, bila kuyatupa. Nadhani hapo ndipo tunapoachana mama yangu na mimi: yeye anayaamini, mimi nayaogopa.

Jana Jumamosi mama alishuka sokoni na kabichi zake. Zikabaki chache, akaona apande kwa Daktari aniletee. Alijua naosha chupa, na mimi sikuwahi kumsahihisha. Mlango ulikuwa wazi, akaingia.

Nilikuwa nimemaliza kumfungua mmoja. Watoto walikuwa kwenye sahani ya kioo, wamepangwa, vidole vimeshaanza kuonekana. Mama aliwatazama wale, akanitazama tumbo, akawatazama tena. Alivua kanga ya mabegani akaifunika sahani taratibu, akaivuta pembe zote nne, kama anavyofunikwa maiti.

Kisha akanishika mkono tukatoka, mimi nikiwa na aproni bado. Kabichi zilibaki pale mlangoni.

Tulipofika kwangu alituma salamu kwa mjomba, kaka yake, kupitia kwa watu wa kwetu waliokuwa wanarudi mlimani. Mtoto huyu ni wa ukoo wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba kuliko hata Anselmi. Mjomba akisema nipande nikatambikiwe, nitapanda, nikirudi nitaungama kwa padri. Na tangu yale mambo ya matuta mwaka jana, serikali ilipowalazimisha kulima kwa matuta mpaka zikazuka ghasia, watu wa juu mlimani hawataki kusikia habari ya Mzungu yeyote anayechimbachimba msituni. Kwa hiyo najua atakachosema: niiache kazi hii.

Jana hiyohiyo jioni ndipo mtoto aliponyamaza.

Au alinyamaza mapema zaidi na mimi sikugundua. Hilo nalo linanitesa.

Asubuhi hii baada ya misa nilimwambia mama. Nilidhani atalia, au atasema nilikwambia, ingawa hakuwahi kuniambia. Alikaza kanga ya kiunoni kama mtu wa safari. Alitaka tupande mlimani saa ileile, mvua na yote. Mimi nikasema hapana, kwanza zahanati, Sista wa pale anisikilize tumbo. Tukabishana tukiwa tumesimama kwenye matope nje ya kanisa, tukiongea Kiluguru kwa sauti ndogo ili watu wasielewe, na watu wote pale ni Waluguru.

Nilishinda kwa sababu moja tu: miguu yangu ilikuwa imevimba, mlima nisingeuweza. Zahanati yenyewe iko mbali, na mwenye gari ninayemjua ni mmoja.

Hivyo ndivyo mama alivyojikuta tena mlangoni kwa Daktari.

Daktari alitoka na nywele hazijachanwa. Kanga ya mama alikuwa ameifua, imeanikwa kibarazani, akaikunja akampa kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama," akasema. Mama hajawahi kuamkiwa shikamoo na Mzungu tangu azaliwe. Akaitikia marahaba kwa sababu haitikiwi vinginevyo. Nilipoeleza kilichotuleta Daktari aligeuka akaingia ndani. Alichukua funguo. Mikono ilimsumbua kuuingiza ufunguo wa gari, nikamsaidia.

Njiani nilimuuliza kwa Kiingereza, mama asisikie. Nilimuuliza kama seli zikishaanza njia mbaya zinaweza kurudi. Nilitaka aseme ndiyo. Alifikiri mpaka tukavuka daraja, kisha akasema hajui, na kwamba hakuna mtu duniani anayejua. Na kuona tu au kushika, nikamuuliza, kunaweza kuzipotosha? Akasema haamini. Hakusema hapana. Nilimchukia kwa ukweli wake, maana mama angalau ana uhakika.

Sista alikuwa na mgonjwa, tukakaa kwenye benchi watu watatu, mimi katikati. Mama akaniambia, "Muulize kama ana watoto." Nikaona aibu, nikasema, "Muulize mwenyewe, anasikia Kiswahili."

Mama akamuuliza.

"Nilikuwa na mimba mbili," Daktari akasema. Alikuwa akitafuta kila neno. "Zote zilitoka. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule. Nilikuwa sijawahi kushika chura."

Nimekaa naye muda wote huu, namjua anavyopenda chai yake, na hilo sikulijua. Mama akainama mbele yangu ili amwone. Akasema, "Pole, mwanangu." Sidhani kama wamepishana umri sana.

Sista akaniita. Alinilaza, akaweka ile pembe yake ya mbao tumboni, akainamisha sikio. Akahamisha. Akahamisha tena. Nilikuwa natazama uso wake na uso wake hausemi kitu, wamefundishwa hivyo. Alipohamisha mara nyingine nilianza kusali Salamu Maria nikasahau katikati, mimi niliyeisali tangu nijue kuongea.

Akasema, "Huyu hapa."

Mama alikataa kuamini kwa maneno, akainama yeye mwenyewe. Alikaa na sikio kwenye pembe muda mrefu sana. Alipoinuka alisema, "Ana haraka," akajifuta pua kwa kanga.

Moyo unapiga. Sista anasema watoto wengine hutulia, nilale, nile, nirudi kesho jioni anisikilize tena. Nimshukuru Mungu, na ninamshukuru. Lakini pembe ile inasikia moyo tu. Haisikii vidole, haisikii macho. Nilipokuwa navaa viatu hilo ndilo nililokuwa nawaza, na nikajiona sina shukrani.

Tulipotoka nje, mvua imepungua, nilimwambia Daktari kwamba sitarudi kwenye vyura mpaka nijifungue. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Aliitikia kwa kichwa, akasema ni sawa, akatazama mikono yake. Hakusema kwamba masika itaisha. Hakusema kwamba akiondoka hatarudi. Hakuna haja, sote wawili tunajua ile safu itabaki na pengo.

Mama ndiye aliyeuliza. "Hiyo kazi imebaki kiasi gani?"

Nikamweleza kwa Kiluguru: hatua moja, vyura walio kwenye tangi, basi. Akauliza kama mtu asiyejua kusoma anaweza kuwapasua. Nikacheka, nikidhani anatania.

"Mimi nimekwisha kuzaa," akasema. "Tumbo langu limeshafunga. Chura atanifanya nini?"

Daktari hakuelewa, ikabidi nimtafsirie. Mama akaendelea kama anayepanga zamu ya palizi. Mimi nisiingie mle ndani hata mguu. Nikae kibarazani, nigeuke, nimwelekeze kwa mdomo. Mjomba akiuliza, atajibu yeye. Ikiisha, tutapanda mlimani wote wawili nikatambikiwe, na hapo nisimletee mambo ya shule. Mikono anayo, amekata mboga na kufunga mafungu ya sokoni tangu utoto. Daktari alimshika mkono akashindwa kuuachia.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Ilinichukua mpaka mchana kuelewa nilichokuwa nakitazama.

Mama anaogopa. Anaogopa kuliko mimi. Ameketi hapo mlangoni anamenya njegere, na njegere zinamponyoka, yeye ambaye huzimenya huku akiongea na watu watatu. Mimi hofu yangu ina nusu ya shule ndani yake, naweza kuigeuza huku na huku nikaihoji. Yake ni nzima. Anaamini kabisa kwamba kilichomo mle chumbani kinadai mtu, na ameamua kukaa yeye mahali pangu. Ule usemi wake wa tumbo lililofunga sijawahi kuusikia kwa mtu yeyote wa kwetu. Nadhani aliutunga palepale.

Nimemwambia aache. Nimemwambia Daktari atapata mtu mwingine. Amesema niache maneno nilale.

Mtoto amegusa kidogo sasa hivi, chini kushoto. Au ni njegere nilizokula. Nimeweka mkono nangoja.

Kabla sijaanza kuandika, mama aliniuliza bila kuinua uso, "Wanalia?"

Nikamjibu hapana, tunawalaza kwanza kwa dawa, hawajui kitu.

"Na wale wadogo?"

Nimewatoa wangapi mpaka leo, na sikuwahi kujiuliza. Nikachukua daftari hili. Naye aliendelea na njegere zake.

Kesho asubuhi nitakaa kibarazani kwa Daktari, nimeupa mlango mgongo, nimwelekeze mama yangu pa kukata. Siku nzima ya leo nimemwombea mtoto. Sasa naanza upya, namwombea mama.