Chuma Alichochomelea Wafula

Kitale, Jumanne jioni, 2006

Afadhali ningekataa kuipima ile shafti, ule mhimili wa chuma.

Ilikatika kwenye kinu cha kusaga mahindi kule Kamukuywa, ikamvunja mteja, Mama Nekesa, mkono. Mwenye kinu akaileta hapa kwetu, maabara ya chuo. Nilikata kipande, nikakisugua hadi kikang'aa kama kioo, nikakipaka asidi, nikakitazama kwa hadubini. Chuma chenyewe ni kizuri. Lakini pale kilipochomelewa kimegeuka kigumu cha kuvunjika, na nyufa zimejaa. Fundi alikimwagia maji kingali moto, apate kumaliza haraka.

Fundi huyo ni Wafula wa Chwele, ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilimpigia simu kwanza.

"Dada, si useme tu chuma ilitoka kiwandani ikiwa mbovu? Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Wafula."

"Basi usinijue tena."

Mchana nilimwambia mwenye kinu ukweli wote.

Sasa hivi Mama amepiga kutoka Bungoma, Wafula ameshamweleza. Nilidhani ataulizia mkono wa Mama Nekesa. Wapi! Ameniuliza neno moja tu: "Umefurahi?"