Mshale wa Mwisho Kwenye Wembe

Kambi ya Juu
9 Julai

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kitini wala si kitandani, na kwamba kifua kimekuachia nafasi ya kupumua. Mimi ni mzima, ukiacha ukucha mmoja wa mguuni ulioniaga njiani bila hata kusema kwaheri. Simu hazishiki huku, na hata zingeshika, masikio yako yangenifanya nipige kelele hadi mawe yaporomoke. Barua nimempa dereva anayeleta chakula kambini. Ameapa ataiweka mkononi mwako.

Babu, nimeshindwa. Njia yote nimeitembea nikifuata alama zako nyeupe, na kila niliyoikuta niliigusa, kama mtoto anayehesabu nguzo za ua. Kila kambi, wakisikia mimi ni mjukuu wa Mshale, napewa chai bila kuomba. Juzi nikafika Wembe. Wewe unapajua: mgongo wa jiwe usiotosha hata mbuzi wawili kupishana, na korongo huku na huku. Nikaukuta mshale wako pale juu ya jiwe kubwa, unaonyesha kulia. Nikaufuata kwa furaha. Baada ya hapo hakuna alama hata moja. Nilitambaa mpaka jiwe likaisha na mbele yangu pakawa na hewa tupu. Nikaendelea kuitafuta alama inayofuata hadi wingu likanishukia, nikarudi kwa magoti.

Wenzangu wanasema mvua imezifuta. Wao wameteremka kuzunguka kwa barabara ya bondeni, kama wafanyavyo karibu wote. Mimi sitaki kuzunguka. Kabla sijaondoka Mama alinieleza aliyoyasema daktari, usimkasirikie. Nataka nije nikae kando ya kiti chako nikwambie nimepita ulipopita. Mvua zikianza kambi itafungwa, kwa hiyo nina nafasi moja tu iliyobaki. Niambie, Babu: ulipita wapi?

Mjukuu wako

*

Nyumbani
16 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba, tena marahaba sana. Kiti bado kinanivumilia. Asubuhi mama yako hunisogeza dirishani na jioni hunirudisha, kama chungu cha maua. Uji nakunywa, dawa nakunywa, na muuguzi ananisifu kwa sauti ile wanayosifiwa watoto wa chekechea.

Barua yako nimeisoma kwa ile lenzi yangu ya kusomea ramani. Nilipofika kwenye swali lako niliiweka chini, nikamwambia mama yako anipe kalamu na afunge mlango. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na sijawahi kuulizwa swali jepesi hivyo nikakosa jibu.

Sikupita.

Soma tena kama hukuamini. Mimi, ambaye mji mzima unaniita Mshale, ambaye picha yangu iko ukutani kwenye ofisi ya chama cha watembeaji nikiwa na brashi mkononi, sikuuvuka Wembe. Chama kiliniomba niweke alama njia nzima, nami nilikuwa kijana mwenye miguu mizuri na mdomo mzuri zaidi. Nilifika kwenye lile jiwe kubwa nikiwa peke yangu. Upepo ulikuwa unavuma. Nikatazama mbele, magoti yakaanza kugongana, nikakaa. Nilisema nitapumzika kidogo kisha niendelee. Nilikaa mpaka jua likahama upande.

Mshale ule niliuchora nikiwa nimekaa. Nilielekeza kulia kwa sababu kulia ndiko nilikoweza kuona bila kusimama. Kopo la rangi nikalisokomeza kwenye ufa chini ya jiwe, nikajiahidi nitarudi kulimalizia. Kisha nikashuka, nikapanda lori kwenye barabara ya bondeni, nikanunua kopo jingine, nikaanza kupaka kutokea ng'ambo ya pili hadi pale ambapo upande ule nao ulinitisha. Alama zangu zinatoka pande mbili na hazikukutana kamwe. Hakuna kilichofutwa na mvua, mwanangu. Hapo katikati hapajawahi kuwa na kitu.

Walipokuja kunipongeza nilifungua kinywa niseme, wakanitilia soda. Kesho yake ikawa vigumu kidogo, mwaka uliofuata vigumu zaidi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu mno, na leo imekufikisha wewe kwenye hewa tupu. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza, hata kwa maji.

Zunguka kwa barabara. Sitakuona mdogo, nitakuona mwenye akili. Lakini nakujua, kichwa hicho ulikirithi kwangu. Kama ni lazima uende, usiufuate mshale wangu. Sahau kabisa kutafuta alama. Litazame jiwe lenyewe, likwambie lenyewe.

Wala usiniite tena jina lile.

Babu yako

*

Nyumbani
1 Agosti

Mjukuu wangu mpendwa,

Habari za huko? Nauliza nikijua huenda hakuna wa kujibu. Dereva amekuja na kurudi, na safari zote mbili mkono wake ulikuwa mtupu. Anasema ulichukua barua yangu, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukamwomba rangi iliyobaki kwenye gari lake.

Mama yako nimemweleza yote. Alinisogeza dirishani kama kawaida, ila alinigeuza uso ukutani. Jioni akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yangu, akasema, "Baba, mtu akijua mzazi wake anaogopa, hupungukiwa nini?" Akanigeuza nikatazama nje.

Jana nilimwita mwenyekiti wa chama. Sikutaka mtoto wa mtu mwingine aufuate mshale ule wakati mimi nakunywa uji. Alikaa pale kitandani na kofia yake magotini, nikamwambia kila kitu, tena kwa sauti, maana mimi mwenyewe siisikii sauti yangu. Muuguzi alisikia, na nadhani majirani walisikia. Mwenyekiti aliigeuzageuza ile kofia. Kisha akasema, "Mwalimu, miaka yote hii tumeilaumu mvua." Akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka kifua kikakataa na muuguzi akamfukuza. Akiwa mlangoni nilimuuliza kuhusu picha, akasema mambo ya picha ni ya kikao.

Unaona, nimeutua mzigo. Lakini moyo haujatulia, kwa sababu huenda ukweli wangu umekupeleka mahali pabaya kuliko uongo wangu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Niandikie hata tusi.

Babu

*

Kambi ya Ng'ambo
4 Agosti

Shikamoo, mwongo wangu mpendwa,

Mimi ni mzima. Nakuandikia nikiwa upande wa pili. Soma tena kama hukuamini.

Barua yako ilinikasirisha kweli. Nililala na hasira, nikaamka nayo, nikaivaa kama koti. Nikajiuliza: ina maana wote hawa wananipa chai ya bure kwa uongo? Halafu nikawa naosha sufuria, nikaona jambo. Pale Wembe nilikuwa naangalia chini tu, nikitafuta doa jeupe. Sikuwa nimeutazama mlima. Nilikuwa nakutafuta wewe.

Wingu halikuondoka upesi, ndiyo maana nilinyamaza. Nilikataa kukuandikia barua ya kusubiri. Lilipoondoka, nikapanda. Kwenye jiwe kubwa nikakaa palepale ulipokaa wewe. Babu, pale panatisha. Mtu yeyote mwenye akili angekaa. Magoti yangu nayo yaligongana, nikayaambia kumbe ni ya ukoo.

Nikainuka, nikatazama kushoto, na ili uone kushoto lazima usimame. Hapo chini ya mgongo pana ukanda wa jiwe, upana wa kiti chako, umefichwa na jiwe lenyewe. Nikateremka nikiwa nimelikumbatia jiwe, shavu limeligusa, natembea kama kaa. Mahali pamoja ukanda unakatika. Inabidi urushe mguu kabla hujauona utakapotua. Nilisimama hapo muda mrefu. Nilisema jina lako, lile ulilonikataza, nikarusha. Mguu ukatua. Nikaendelea, jiwe likaanza kupanuka, na mbele yangu, kwenye mwamba wenye ukoka, nikaona doa jeupe. Lako, la upande wa pili. Nililia kama niliyefiwa, kisha nikacheka, kisha nikala biskuti zote.

Kesho yake, kulipokuwa shwari, nilirudi na rangi ya dereva. Nimepaka katikati yote, nikienda na nikirudi, tena nikiwa nimesimama. Mshale wako nimeukwangua, nikachora mwingine, unaonyesha kushoto. Kwenye ufa nilikuta kopo. Rangi imekuwa jiwe, na brashi imeganda ndani yake kama mtu aliyesinzia. Liko kwenye mkoba wangu.

Alama zimekutana, Babu. Nisubiri.

Mjukuu wako

*

Nyumbani
10 Agosti

Mpendwa Mshale,

Marahaba. Jina hilo ni lako kuanzia leo. Mimi nilikuwa nimelishika tu mpaka mwenyewe afike. Mama yako ndiye anayeandika, mkono wangu umegoma, lakini maneno ni yangu na amekatazwa kuyapamba. Ananiambia nitaje pia kwamba analia. Basi, tumeandika.

Barua yako imesomwa hapa kitandani kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mwenyekiti alikuwepo. Aliposikia habari ya kushoto alipiga goti lake kwa kofia, akaomba isomwe tena tangu pale pa kurusha mguu. Muuguzi aliacha kunipima akasikiliza. Kikao kimeamua picha yangu ibaki ukutani, na yako iwekwe kando yake. Nimeomba yangu waiandike chini: huyu alikaa.

Daktari amepita leo. Hakuniambia kitu kipya, nami sikumuuliza. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi mwenye habari.

Shuka polepole, mteremko huvunja magoti kuliko mwinuko, na sasa najua magoti yetu. Usikimbie kwa ajili yangu. Ukinikuta, utanisimulia tena, nami nitajifanya sijasikia ili uanze upya. Usiponikuta, kopo liweke dirishani, kwenye kiti changu, na ukigeuze kitazame nje.

Nimelala leo mchana nikaota niko kwenye lile jiwe. Upepo ulikuwa uleule. Nikasimama.

Babu yako